Swali la Nyongeza: Jinsi Mwanasiasa Anavyobanwa Studioni

Tarehe 13 Mei 1997, kwenye kipindi cha Newsnight cha BBC, Jeremy Paxman alimuuliza Michael Howard swali moja mara kumi na mbili hivi. Howard alikuwa ndiyo kwanza ameacha uwaziri wa mambo ya ndani wa Uingereza. Chama chake cha Conservative kilikuwa kimeangushwa vibaya kwenye uchaguzi wiki mbili kabla, naye alikuwa anawania kukiongoza. Swali lilihusu mzozo wa zamani kati yake na mkuu wa idara ya magereza, Derek Lewis. Wafungwa walikuwa wametoroka gereza la Parkhurst, waziri akataka mkuu wa gereza hilo asimamishwe kazi, Lewis akawa na msimamo mwingine. Paxman alitaka kujua jambo moja: ulimtishia Lewis kwamba utautengua uamuzi wake? Howard akasema hakuwa na mamlaka ya kumwamuru Lewis, na kwamba hakumwamuru. Paxman akauliza tena. Howard akarudia yaleyale. Paxman akauliza tena.

Mahojiano hayo yamegeuka kuwa kipimo. Mtangazaji chipukizi anayetamani kipindi cha siasa, awe Nairobi au Dar es Salaam, mara nyingi ameshakiona kipande hicho mtandaoni, na somo analolichukua kwa kawaida ni kwamba mwanasiasa ni wa kukabwa koo. Sauti ipande, uso ukunjwe, mgeni akatizwe kila anapofungua mdomo. Nadhani somo hilo limekosewa, na kukosewa kwake kunatugharimu sisi tunaotazama, kwa sababu tunaishia kupewa kelele mahali tulipostahili kupewa jibu.

Tazama kilichofanyika hasa. Swali lilikuwa juu ya kutishia, jibu lilikuwa juu ya kuamuru. Mtu anaweza kabisa kumtishia mwenzake bila kumwamuru, kwa hiyo Howard hakuwa amedanganya, ila hakuwa amejibu pia. Ustadi wa Paxman ulikuwa kuisikia tofauti hiyo papo hapo, huku kamera zinawaka na saa inakimbia. Halafu swali lenyewe lilikuwa limejengwa vizuri. Lilihusu tendo lililokwisha kupita, tendo ambalo aliyeketi mbele yake alilijua kuliko mtu yeyote, na lilijibika kwa ndiyo au hapana. Swali la namna hiyo likikwepwa, hata mtazamaji asiyefuatilia siasa za magereza ya Uingereza anaona kwamba limekwepwa. Angeuliza, "Je, unadhani uliiongoza wizara kwa busara?" akalirudia mara kumi na mbili, angeonekana mtu asiyeelewa anachoambiwa.

Na ile mara kumi na mbili haikuwa mkakati. Paxman mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliendelea kuuliza kwa sababu habari iliyokuwa ifuate haikuwa tayari, ikabidi avute muda. Howard alishika mkia katika duru ya kwanza ya kura za uongozi mwezi uliofuata, ingawa mwaka 2003 alikuja kukiongoza chama hicho. Mwaka 2004 Paxman akamrudia na swali lilelile. Safari hii Howard akajibu kwamba hakumtishia.

Kwa nini mwanasiasa hajibu

Watu wengi huamini kwamba anayekwepa swali anaficha uovu. Mara nyingine ni kweli. Lakini mwanasaikolojia wa Canada, Janet Bavelas, pamoja na wenzake walionyesha jambo ambalo kila mwendesha kipindi angepaswa kulijua: watu huzungukazunguka wanapowekwa mahali ambapo kila jibu la moja kwa moja lina madhara. Muulize waziri kama anakubaliana na uamuzi wa rais aliyemteua. Akisema ndiyo, anawaudhi wapiga kura wa jimboni kwake. Akisema hapana, kesho hana kazi. Atazunguka, na hata mtu mwaminifu kuliko wote angezunguka.

Mwingereza Peter Bull aliichukua hoja hiyo akaitumia kuchambua mahojiano ya televisheni ya Margaret Thatcher na mpinzani wake Neil Kinnock wakati wa uchaguzi wa mwaka 1987. Yeye na mwenzake waligundua kwamba wote wawili walijibu chini ya nusu ya maswali waliyoulizwa. Wakaorodhesha njia zinazotumika kutojibu, na ukiisoma orodha hiyo unaziona sura za watu unaowafahamu: kulishambulia swali, kumshambulia anayeuliza, kujibu nusu, kudai kwamba swali limeshajibiwa, kulipuuza kabisa na kuhubiri siasa za chama.

Sisi tuna nyongeza yetu wenyewe. Mheshimiwa anaulizwa kuhusu dawa zilizokosekana hospitalini. Anaanza kwa kumshukuru Mungu, anamshukuru Rais kwa fedha nyingi zilizoletwa wilayani, anawashukuru wananchi kwa utulivu, anampongeza mtangazaji kwa kazi nzuri ya kuhabarisha umma, kisha anaanza historia ya sekta ya afya tangu uhuru. Hakuna neno la matusi wala la uongo katika hayo yote. Lakini kipindi kina dakika arobaini na tano, matangazo ya biashara yanakula sehemu yake, na shukrani zimekwisha kuchukua tatu. Muda ndiyo mali pekee aliyonayo mwendesha kipindi, na mgeni mzoefu anajua hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza, mhoji anatakiwa ajue anatafuta nini. Kama anataka taarifa, ajenge swali linalomwachia mgeni nafasi ya kujibu bila kuangamia. Kama anataka uwajibikaji, alifunge swali hadi mlango wa kukwepa uonekane na kila mtu. Anayechanganya hayo mawili hapati hata moja.

Maswali yanayojiharibu yenyewe

Mkanada John Sawatsky, mwandishi wa uchunguzi aliyekuja kuwafundisha waandishi wengi jinsi ya kuhoji, alikuwa na msimamo ulio karibu kinyume cha watu wanaoshabikia ukali. Kwake, swali zuri ni fupi, liko wazi na halina maoni ya muulizaji ndani yake. Alipiga vita maswali mawili yaliyofungwa pamoja, kauli zinazojifanya maswali, na maneno makali yanayompa mgeni kitu cha kugombana nacho.

Fungulia kipindi chochote cha siasa leo jioni uhesabu. "Mheshimiwa, wananchi wanalalamikia bei ya mafuta, na pia kuna suala la ajira kwa vijana, halafu tumesikia juzi mlikuwa na kikao cha chama, hebu tuambie, hali ikoje na mna mikakati gani?" Hapo kuna maswali manne. Mgeni atachagua lililo jepesi, atalijibu kwa ukamilifu, na mtangazaji hatakuwa na haki ya kulalamika kwa sababu kweli amejibiwa. Swali refu ni zawadi kwa anayeulizwa.

Neno kali nalo ni zawadi. Ukimuuliza mkuu wa shirika la umma, "Kwa nini mmekula fedha za wananchi?" atagombana na neno "kula" kwa dakika tano, na watazamaji wengi watamhurumia. Ukimuuliza, "Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inasema malipo haya hayana stakabadhi. Stakabadhi ziko wapi?" hana neno la kushika. Ukali wote umehamia kwenye ripoti, na ripoti haitukaniki.

Hapo tumegusa mbinu ambayo wachambuzi wa mazungumzo, hasa Steven Clayman na John Heritage, wameieleza kwa kina. Mhoji mahiri anapotaka kusema jambo zito haliweki kinywani mwake. Analipitisha kwa mtu au taasisi nyingine: wapinzani wako wanasema, mahakama ilitamka, barua yenye sahihi yako inaonyesha. Hivyo anabaki kuwa muulizaji, hageuki mpinzani. Mgeni akikasirika, anamkasirikia asiyekuwepo. Lakini mbinu hii ina sharti moja ambalo vipindi vyetu hulivunja sana: huyo anayetajwa awepo kweli. "Watu wanasema" bila kusema ni watu gani si kunukuu. Ni uvumi, na mwanasiasa ana haki ya kuukataa.

Clayman na Heritage waliona pia kitu kidogo ambacho kwa Kiswahili kina uzito wa pekee. Katika mazungumzo ya kawaida, anayesikiliza hutoa sauti za kuonyesha kwamba yuko pamoja na anayesema. Katika mahojiano ya habari ya Uingereza na Marekani, mhoji huzizuia. Huketi kimya mpaka jibu liishe. Sisi tumelelewa tofauti. Mtu mzima anapozungumza unaitikia: naam, eeh, sawasawa, kabisa. Kunyamaza kabisa ni kama kumdharau. Mtangazaji anaingia studioni na malezi hayo, mheshimiwa anatoa madai ambayo hayana ushahidi, na mtangazaji kwa adabu tu anaitikia "kabisa, mheshimiwa." Kwa aliye nyumbani, madai yamepigwa muhuri. Sitaki watangazaji wetu wawe watu wasio na heshima. Kutikisa kichwa kidogo kunatosha kuonyesha kwamba unasikia, na "kabisa" liachwe kwa mambo ambayo mtangazaji ameyathibitisha mwenyewe.

Heshima haizuii kubana

Kuna dhana kwamba utamaduni wetu hauruhusu mahojiano magumu, kwamba ukimwita mtu mheshimiwa huwezi tena kumsukuma. Hata Uingereza hawakuanza na akina Paxman. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mawaziri waliulizwa kama wangependa kuliambia taifa jambo lolote, na BBC ilizuiwa kujadili suala lolote ambalo Bunge lingelizungumza ndani ya wiki mbili zijazo. Kanuni hiyo ilisimamishwa tu mwaka 1956 na kufutwa mwaka 1957, wakati televisheni ya kibiashara, iliyoanza Septemba 1955, ilikuwa imeshaleta ushindani. Mtangazaji Robin Day alichipukia huko, kwenye televisheni ya kibiashara. Mwaka 1957 alikwenda Cairo kumhoji Rais wa Misri, Gamal Abdel Nasser, miezi michache tu baada ya vita vya Suez, akamuuliza waziwazi kama anakubali kwamba Israel ipo na itaendelea kuwepo. Day alikuwa mtu wa tai ya kipepeo na lugha ya kistaarabu. Alibana kwa adabu.

Na sisi tunao mfano uliozoeleka: Bunge. Mbunge anauliza swali la msingi, Serikali inajibu kwa karatasi iliyoandaliwa na wataalamu wa wizara, kisha mbunge anasimama kuuliza swali la nyongeza. Kila anayefuatilia vikao anajua kwamba utamu uko hapo, kwa sababu jibu la nyongeza halikuandaliwa. Mahojiano ni vivyo hivyo. Swali la kwanza mgeni amelitarajia tangu jana, tena mara nyingine wasaidizi wake wameomba walione kabla. La pili ndilo linalopima.

Tuchukulie mbunge aliyeahidi maji kabla ya masika. Mtangazaji anamuuliza kama mradi umekamilika, naye anazungumzia mabilioni yaliyotengwa na juhudi za Serikali. Mtangazaji aliyekariri karatasi yake atasema, "Sawa kabisa. Tukija upande wa barabara?" Aliyesikiliza atasema, "Mheshimiwa, la fedha nimekuelewa na nashukuru. Leo hii mama wa kata ile akifungua bomba, maji yanatoka?" Hakuna kosa la adabu katika sentensi hiyo. Imekiri alichosema mgeni, ikaonyesha bila kumsuta kwamba sicho alichoulizwa, ikamrudisha kwenye kitu kinachoonekana kwa macho. Akizunguka tena, ni halali kumwambia, "Kwa hiyo niwaambie watazamaji kwamba hayatoki?" Kwa uzoefu wangu wa kutazama vipindi hivi, hilo la tatu huulizwa mara chache mno, na ninaamini ndilo linalotenganisha mazungumzo na mahojiano.

Mara nyingine linaweza kuwa la maneno mawili matatu. Mwaka 2020 Jonathan Swan, Mwaustralia aliyekuwa akiandikia tovuti ya habari ya Axios, alimhoji Donald Trump kuhusu corona. Trump alitoa karatasi zenye michoro kuonyesha kwamba Marekani inafanya vizuri. Swan akazitazama, akagundua kwamba Trump anahesabu vifo kwa kulinganisha na wagonjwa waliothibitishwa, akasema yeye anazungumzia vifo kwa kulinganisha na idadi ya watu. Trump akamwambia huwezi kufanya hivyo. Swan akauliza kwa nini asiweze. Basi. Lakini ili kuuliza hivyo alihitaji kuzijua hesabu zote mbili kabla ya kuingia Ikulu ya Marekani.

Kazi inayofanyika kabla ya kamera

Hilo ndilo jambo ambalo mtazamaji halioni na wamiliki wa vituo hawalilipii. Watu wanaikumbuka sana kauli ya Richard Nixon, rais wa zamani wa Marekani, kwamba rais akifanya jambo, basi si kosa kisheria. Aliitoa kwa mtangazaji Mwingereza David Frost mwaka 1977, katika mahojiano yaliyorekodiwa kwa zaidi ya saa 28. Frost alimlipa Nixon dola 600,000, jambo lililokosolewa sana, na wengi walimdharau kwa sababu walimjua kama mtangazaji wa burudani. Nixon alikuwa mwanasheria mwenye akili kali, na katika vikao vya mwanzo alimmeza Frost kwa majibu marefu yasiyo na mwisho.

Kilichombadilishia Frost mchezo hakikuwa kipaji. Mmoja wa watafiti wake, James Reston Jr., alikuwa amechimba nyaraka za mahakama akakuta nakala za mazungumzo kati ya Nixon na msaidizi wake Charles Colson ambazo zilikuwa hazijajulikana kwa umma. Siku ya kuizungumzia Watergate, kashfa iliyomfanya Nixon ajiuzulu urais, Frost alimsomea Nixon maneno yake mwenyewe, na Nixon hakuwa amejiandaa kuyasikia. Mbele ya watazamaji wanaokadiriwa kufika milioni 45 alikubali kwamba amewaangusha Wamarekani.

Vipindi vyetu vingi vya siasa vinaendeshwa na mtu mmoja anayesoma habari asubuhi, anatafuta wageni mchana kwa simu yake mwenyewe, na usiku anaketi mbele ya kamera. Halafu tunamlaumu kwamba hakujua takwimu za bajeti. Mgeni wake ana wizara nzima nyuma yake.

Umuhimu wa takwimu ulionekana Kenya tarehe 30 Juni 2024. Siku chache baada ya waandamanaji kuingia Bungeni na Rais William Ruto kukataa kutia sahihi Muswada wa Fedha, aliketi Ikulu, Nairobi, na wanahabari watatu: Linus Kaikai, Joe Ageyo na Eric Latiff. Walikuwa na ujasiri wa kumuuliza kuhusu vifo vya vijana, ana kwa ana, na hilo ni hatua kubwa. Zipo nchi nyingi za bara hili ambako mahojiano ya namna hiyo hayajawahi kufanyika. Ruto alisema hana damu mikononi, akataja vifo 19. Siku iliyofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa hesabu yake: 39. Nimewaza mara nyingi jinsi usiku ule ungekuwa kama orodha ile ingekuwa mezani mapema kwa saa ishirini na nne, jina kwa jina. Simlaumu yeyote kati ya wale watatu, kwa sababu hesabu haikuwa imetangazwa. Ninasema tu kwamba idadi moja yenye chanzo ina nguvu kuliko hasira ya wahoji watatu.

Mgeni akikataa kuja

Ustadi wote huu hauna maana pale mgeni anapokuwa na uwezo wa kutokuja. Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa wagombea urais Februari 2013. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakufika, Raila Odinga akasimama peke yake. Mwaka 2022 Raila hakufika, Ruto akawa peke yake. Aliyeona ana cha kupoteza alibaki nyumbani.

Tanzania, hofu inaingia kwa mlango mwingine. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilivitoza vituo vitano vya televisheni faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa kurusha taarifa ya shirika la haki za binadamu iliyohusu uchaguzi mdogo wa madiwani. Kituo kinaadhibiwa kwa maneno ya mtu mwingine. Mhariri aliyeshuhudia hilo hatamwogopa tena mgeni anayekwepa swali, atamwogopa anayelijibu. Atamchagua mgeni asiye na la kusema, na mtangazaji wake atajifunza kuuliza maswali yasiyo na la kujibiwa. Kumfundisha mtangazaji huyo mbinu za Paxman bila kuigusa kanuni inayomtia hofu mwajiri wake ni kumwonea.

Lakini lipo linaloweza kufanyika hata ndani ya mipaka hiyo. Kituo kimpe mwendesha kipindi mtafiti mmoja, kijana wa kulipwa mshahara halali, kazi yake iwe kusoma taarifa rasmi za vikao vya Bunge, ripoti za ukaguzi na hotuba za mgeni za miaka mitano nyuma. Kituo kitangaze hadharani kwamba hakitoi maswali kabla ya kipindi, ili mtangazaji asiachwe peke yake kulikataa ombi la msaidizi wa waziri. Na mgeni anapoalikwa na kukataa, mtazamaji aambiwe mwanzoni mwa kipindi: alialikwa lini, alijibu nini, na ni maswali gani matatu ambayo angeulizwa.